Boga kubwa la mashindano: tunda likae wapi kwenye shina, na matawi yakatwe lini?

Mbegu_Moja

Salaam wakuu. Mmea ni Atlantic Giant, mmoja tu, umepewa eneo la mita 8 kwa 8 na shina kuu linapita katikati. Leo una siku 48 tangu mbegu iingie ardhini. Shina kuu limefika mita 2.6 na linaongeza kama sentimita 20 kwa siku. Matawi ya ubavuni yametoka pande zote mbili, marefu zaidi yana mita 1.2, na baadhi yameanza kutoa vitawi vyake.

Maua dume yapo tele. Ua jike la kwanza lilichanua kwenye mita 1.8 kutoka mzizini, nyuki wakalipitia, na sasa kuna kitunda chenye ukubwa wa yai. Tumba la pili la kike linaonekana karibu na ncha. Fundo zikimaliza kurefuka, nakadiria litakuwa kwenye mita 3.2.

Naomba kujua: hicho cha kwanza kiachwe au kitolewe? Matawi ya ubavuni yaende hadi wapi? Vitawi vya tatu vina faida yoyote? Na ua la pili lichavushwe kwa mkono au waachiwe nyuki? Shabaha ni tunda moja lenye uzito mkubwa kuliko yote mmea unaoweza kubeba.

---

Fundo_kwa_Fundo

Mkuu, hicho cha ukubwa wa yai kitoe leo, usingoje kesho. Ubaya wake ni mahali kilipokaa, hata kama chenyewe ni kizima kabisa. Kwenye mita 1.8 mmea una majani machache, na tunda likishashika, sukari inayotengenezwa huelekea kwake kabla ya kwenda kwenye ncha na mizizi. Mmea unapunguza mwendo wakati ndiyo kwanza unajenga mwili. Tunda linakua vizuri wiki mbili tatu, halafu linakwama kwa sababu kiwanda cha kulilisha hakikujengwa. Isitoshe, hapo karibu na mzizi shina limebanana na matawi manene, na boga likitanuka mabega yake yatakosa pa kwenda.

Lenga mita 3 hadi 4.5 kutoka mzizini, kwenye shina kuu, si kwenye tawi. Tumba lako la mita 3.2 lipo ndani ya kipimo, tena siku zake ni nzuri: litachanua mmea ukiwa na siku kama 57 au 58. Ila usilitegemee hilo peke yake. La tatu likitokea kwenye mita 4 na kitu, lichavushe pia liwe akiba.

Sasa matawi. Kila fundo la shina kuu lina jani, na kwapani mwa jani hutoka tawi. Yaelekeze yatoke kama mbavu, pembe mraba na shina kuu, moja kulia na moja kushoto, yakiwa yamenyooka. Tawi linalopinda hukutana na mwenzake, na majani yakishapandana, la chini linabaki kula bila kutengeneza chochote. Kwa upana wako wa mita 8, matawi ya kwanza karibu na mzizi yapeleke hadi mita 3.5, kisha kata ncha. Yale ya usawa wa tunda yaishie mita 2.5 hivi, na ya mbele ya tunda uyafupishe kadiri unavyokwenda, mita 2, kisha 1.5. Ukitazama kutoka juu mmea uwe pembetatu yenye kitako kipana upande wa mzizi.

Kwa nini majani mengi yawe nyuma ya tunda? Kwa sababu hayo ndiyo yaliyokomaa mapema, na mizizi yake imeshashuka. Majani ya mbele nayo hulilisha, lakini huchelewa kuiva kwa kazi.

Vitawi vya tatu toa vyote vikiwa na sentimita 5 hadi 8. Hapo vinavunjika kwa kidole, unasukuma upande na kidonda ni kidogo. Ukivisubiri vifike nusu mita utahitaji kisu, na umeshapoteza sukari iliyovijenga. Angalia usije ukavunja ncha ya tawi lenyewe, maana zikiwa changa zinafanana sana. Ruhusa pekee ni pale penye pengo, mfano tawi lilikufa au lilivunjika na ardhi imebaki tupu. Hapo acha kitawi kimoja kizibe nafasi. Kuacha vyote kunageuza shamba kichaka: hewa haipiti, majani ya chini hayakauki, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, unaanzia humo humo ambamo dawa haifiki.

Na kuzika, tafadhali usiruke. Kila fundo lina vichipukizi vya mizizi, chini na hata juu. Chimba kijifereji chenye kina cha sentimita 5 hadi 8, laza shina, funika fundo kwa udongo laini uliochanganywa na mboji iliyoiva, kisha mwagilia. Kikonyo cha jani kibaki kimesimama nje. Ishia sentimita 50 au 60 kabla ya ncha, kwani ncha ikifukiwa inaoza. Matawi ya ubavuni nayo zika vivyo hivyo, na likishakatwa ncha, ule mwisho uliokatwa ukikauka ufukie pia. Mizizi hii ya mafundo huongeza maji na madini, na funza au kuoza kukishambulia shina kwenye mzizi mkuu, ndiyo itakayouokoa mmea.

Shina au tawi lisogeze alasiri tu. Asubuhi limejaa maji, ukiligusa linakatika kama karoti. Alasiri limelegea. Msogezo mdogo, vijiti viwili vilivyopishana juu yake kulishikilia, kesho yake unaongeza kidogo. Vikono vikikamata kikonyo cha jani au tunda, vikate.

Jambo moja la kukagua sasa hivi: shina kuu ni la mviringo au limeanza kuwa bapa kama utepe, na majani mawili matatu kwenye fundo moja? Likiwa bapa, usiweke tunda juu yake. Kata sehemu bapa, chukua tawi la ubavuni lenye nguvu lililo karibu na pale ulipokata, lifanye ndiyo shina kuu.

---

Chavua

Nakubaliana na Fundo kwa yote hadi hapo. Mimi nijibu la uchavushaji.

Kwa mkono, bila kusita. Nyuki wanaweza kushikisha tunda, hilo halina ubishi, lakini huwezi kujua wameleta chavua kiasi gani, saa ngapi, na kutoka mmea upi. Ua jike linachanua asubuhi moja tu maishani mwake. Ukiipoteza, basi. Tena wanaokuza maboga haya hutambua mbegu kwa uzito wa boga lililoizaa, kwa pauni, pamoja na jina la ukoo la mkulima. 2323 Meier, kwa mfano, ni boga la Beni Meier wa Uswisi la mwaka 2014, lililovuka kilo 1,000. Utaratibu huo wa ukoo hauna maana yoyote kama baba wa mbegu ni nyuki wa jirani.

Anza jioni ya kuamkia siku yenyewe. Tumba la kike litakalochanua kesho ncha yake inatoka kijani na kugeuka manjano, na linavimba ghafla. Lifunge kwa uzi laini au kibanio cha nguo juu ya petali, au livalishe mfuko wa chandarua, ili nyuki wasikutangulie. Jioni hiyohiyo kata matumba dume manne au matano yenye manjano kama hayo, kila moja na kikonyo cha sentimita 15, uyatie kwenye glasi ya maji ndani ya nyumba. Alfajiri yatachanua yenyewe, makavu, hata kama nje ilinyesha usiku kucha.

Asubuhi fika mapema, jua likichomoza au muda mfupi baadaye. Chambua petali za dume zote, ibaki ile nguzo ya katikati. Iguse kwa ncha ya kidole: chavua nzuri hushika kama unga wa manjano. Ikiwa imelowa au imegandamana, itupe, maana punje ya chavua ikinyonya maji hupasuka. Kisha fungua jike. Ndani utaona stigma, yaani sehemu inayopokea chavua, iliyogawanyika sehemu tatu, nne, pengine tano au zaidi. Hesabu sehemu hizo na uandike. Wapo wanaopendelea nne au tano kwa imani kwamba tunda lina nafasi kubwa zaidi ya kutanuka. Mimi naliangalia hilo, lakini siwezi kuacha ua la mita 3.2 lenye sehemu tatu kwa ajili ya la mita 2 lenye tano.

Paka kila sehemu, juu na kwenye mifereji inayozitenganisha, kwa wepesi, bila kukwaruza. Dume la kwanza lizungushe pote, la pili rudia, la tatu na la nne vilevile. Sehemu isiyopata chavua mbegu zake hazijengeki, na upande huo wa tunda hudumaa. Boga lililopinda upande mmoja mara nyingi kisa chake ni hicho. Ukimaliza rudisha petali, funga tena hadi kesho yake, na funga kibandiko chenye tarehe kwenye kijiti kando ya fundo. Hesabu zote za baadaye zinaanzia tarehe hiyo.

Petali zikishanyauka, siku ya pili au ya tatu, zichomoe taratibu kama kuna unyevunyevu. Zikiozea pale kwenye kitovu cha tunda huingiza ukungu.

Dalili za kushika: tunda linabaki na mng'ao, linaongezeka kila siku, na ikifika siku ya 7 limeshazidi ngumi ya mtu mzima. Likikataa, mng'ao unakufa, linakuwa manjano iliyopauka, linaanza kusinyaa upande wa kitovu, na linadondoka kati ya siku ya 4 na ya 10.

---

Mbegu_Moja

Asanteni sana. Kitunda cha kwanza nimekitoa, na shina ni la mviringo. Mawili yamebaki. Utabiri wa hewa unaonyesha joto la nyuzi 34 hadi 35 mchana kwa wiki ambayo ua litachanua. Litashika? Na ncha ya shina kuu ikatwe lini? Nimesikia kukata mapema kunalisukumia tunda chakula.

---

Chavua

Nyuzi 32 ndipo matatizo yanapoanza. Chavua hupoteza uhai haraka, na hata ikifika kwenye stigma, mrija wake unatakiwa ushuke hadi kwenye ovari, kazi inayochukua saa nyingi. Joto la mchana wa siku ileile likiwa kali, safari haikamiliki. Kwa hiyo kinga lazima iendelee hadi mchana na siku tatu nne zinazofuata.

Weka kivuli cha kitambaa cheupe juu ya vijiti, nusu mita juu ya ua, upande mmoja wazi hewa ipite. Kuanzia saa nne asubuhi weka chupa mbili au tatu za maji yaliyogandishwa kuzunguka tunda, zisiliguse, na ubadilishe zikiyeyuka. Lowesha udongo unaozunguka, ila usinyunyizie maji kwenye ua. Na chavusha mapema kadiri mwanga unavyoruhusu. Saa moja na nusu asubuhi kwenye wiki ya joto tayari ni kuchelewa.

Halafu punguza naitrojeni kuanzia sasa. Mmea uliolewa naitrojeni, wenye majani mapana ya kijani kizito na ncha inayokimbia, hudondosha matunda hata hali ya hewa ikiwa nzuri. Ukiona majani yanafikia kiunoni na shina linaongeza zaidi ya sentimita 30 kwa siku, acha mbolea ya majani kabisa hadi tunda lishike.

Ncha usiiguse. Ua likikataa utahitaji la nne na la tano, na yanatoka hapo hapo kwenye ncha.

---

Fundo_kwa_Fundo

Naunga mkono kutoigusa kabla ya tunda kushika. Kukata ncha siku ya uchavushaji ili kulazimisha chakula ni kamari, na mmea wenye nguvu hujibu kwa kufumua vitawi kila kwapa. Utashinda unapogoa usiku na mchana.

Tunda likishakuwa kubwa kuliko mpira wa miguu na halina dalili ya kurudi nyuma, na shina limekwenda mita 3 hadi 4 mbele yake, kata. Lako litakuwa linakaribia mwisho wa eneo hata hivyo. Wapo wanaoliacha lizidi kukimbia kwa hoja kwamba majani mapya hufanya kazi vizuri kuliko ya zamani. Ni kweli, lakini hoja hiyo inafaa penye nafasi. Kwenye mita 8 huna.

---

Mizani

Wakuu wamemaliza mengi. Niongeze lile linalopoteza maboga mengi yaliyoshika vizuri kabisa: kikonyo.

Tunda changa mara nyingi hukaa na pembe finyu na shina, limeliinamia. Likiwa na kilo mbili halina shida. Likifikisha kilo 100 bega lake linasukuma shina upande mmoja, kikonyo kinavutwa upande mwingine, na pale kwenye maungio panachanika. Mmea mzuri huongeza kilo 10 hadi 20 kwa siku katika kilele chake, ambacho huwa kati ya siku ya 20 na ya 40 tangu kuchavusha. Kwa kasi hiyo ufa unatokea usiku mmoja. Usipopanga nafasi sasa, huwezi kuipanga siku ya 30.

Pinda shina. Kuanzia tumba linapoonekana wazi, sogeza shina kila alasiri sentimita 5 hadi 10 ili liwe upinde, tunda likiwa upande wa nje wa upinde huo. Hivyo shina linalikwepa bega la boga pande zote mbili. Lengo ni kikonyo kiwe pembe mraba na shina, au karibu na hapo. Tumia vijiti, na usiku mmoja usidai zaidi ya shina linavyotaka kutoa.

Halafu, na hapa narekebisha kidogo maelezo ya kuzika: usizike shina nusu mita hadi mita moja kila upande wa tunda. Boga likinenepa, kikonyo kinapanda juu na shina linapanda nacho, sentimita 30 na zaidi. Shina lililoshikwa na mizizi haliwezi kuinuka, kwa hiyo ama mizizi inang'oka kwa kishindo au kikonyo kinapasuka. Kama kuna mizizi imeshashika hapo, ikate kwa kisu chini ya shina. Tawi linalotoka kwenye fundo la tunda lenyewe, na lile la jirani upande ambao tunda limelalia, toa mapema. Vinginevyo boga litayakalia.

Tunda likiwa na ukubwa wa nazi hadi mpira wa miguu unaweza pia kulizungusha lenyewe. Alasiri, mikono miwili, kidogo kidogo tu kwa siku, na ukihisi kikonyo kinakataa, achia. Baada ya siku ya 20 usilizungushe tena.

Kitanda kiwekwe kabla halijawa zito. Ubao au turubai nene, mita 1.5 kwa 1.5, juu yake mchanga sentimita 5, na mwinamo mdogo maji yasituame. Mchanga unaliruhusu tunda kuteleza likitanuka, na tako linabaki kavu. Kivuli cheupe alichokitaja Chavua kisitolewe tunda likishashika. Kiendelee hadi mwisho, maana ngozi iliyopigwa jua hukomaa na kuwa ngumu, na ngozi ngumu hupasuka nyama ya ndani inapoendelea kukua.

Maji nayo yawe na utulivu. Kwenye kilele mmea wa ukubwa huu unaweza kunywa lita 200 hadi 400 kwa siku, kutegemea joto na udongo. Gawa mara mbili au tatu. Kuukausha siku mbili kisha kuufurikisha ndiyo njia ya haraka ya kulipasua boga kwenye kitovu au kuzunguka kikonyo.

---

Mbegu_Moja

Mizani, na kama ya mita 3.2 na ya mita 4 na kitu yakishika yote mawili? Natoa lipi, siku gani?

---

Mizani

Yaache yote hadi siku ya 15, usipite ya 20. Pima mzingo kila jioni saa ileile, kwa utepe, sambamba na ardhi, kikonyo hadi kitovu na kurudi. Usilinganishe ukubwa wa leo tu, linganisha nyongeza ya siku kwa umri uleule. Lililotangulia siku sita litaonekana kubwa bila kuwa bora.

Yakikaribiana, pembe ya kikonyo ndiyo iamue, kisha umbo. Linalokua haraka kidogo lakini limelala juu ya shina, mimi nalitoa. Refu lenye mabega yaliyosawazika ndilo linalobeba uzito bila kupasuka.

---

Fundo_kwa_Fundo

Na siku ya kulitoa, fanya asubuhi kavu yenye jua. Usikate kikonyo kikiwa sawa na shina. Acha kipande cha sentimita 5 kinyauke chenyewe, kwani kidonda kilicho usawa wa shina huozea ndani na kuingia kwenye njia ileile inayolisha boga unalolibakiza. Kisu kifute kwa spiriti kabla, paka kiuakuvu cha unga kwenye mkato, na pasimwagiliwe hapo hadi kikauke. Vitawi navyo ni hivyo hivyo: usipogoe jioni wala majani yakiwa na umande.